Sawa kwa Kitu Gani? Uhakiki wa Istilahi ya Atomu na Ioni Zenye Idadi Ileile ya Elektroni

Miongoni mwa mambo ya awali anayokutana nayo mwanafunzi wa kemia, baada ya kujua kwamba atomu ina kiini na elektroni, ni habari ya atomu na ioni ambazo idadi ya elektroni zake ni ileile, ijapokuwa asili zake ni mbalimbali. Neoni ni gesi isiyopenda kuungana na kitu. Ioni ya sodiamu imo katika chumvi ya kula. Ioni ya floridi imo kwa wingi katika maji ya sehemu nyingi za Arusha na kandokando ya Mlima Meru, na watoto wakinywa maji hayo kwa miaka mingi meno yao huota na madoa ya rangi ya kahawia. Vitu hivi vitatu havikai pamoja wala havifanyi kazi moja, lakini kila kimoja kina elektroni 10. Lugha za Ulaya zimevipa vitu vya namna hii sifa moja iliyoundwa kwa mizizi ya Kigiriki, na sifa hiyo ifikapo katika Kiswahili huwa isoelektroniki. Uhakiki huu wahusu jina hilo pamoja na maneno ya Kiswahili yatumiwayo kulifasiri, hasa neno moja dogo lipitalo bila kuulizwa habari zake: sawa.

Huenda ikadhaniwa kwamba hili ni shauri la wanakemia peke yao. Sivyo. Nchini Tanzania lugha ya shule za msingi za serikali ni Kiswahili, ilhali kemia ya sekondari imekuwa ikisomeshwa kwa Kiingereza. Matokeo yake yajulikana na kila aliyepita darasani: maandishi ya ubaoni huwa ya Kiingereza, na ufafanuzi wake, pale wanafunzi wanaponyamaza, hutolewa kwa Kiswahili. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi iliyoonyesha kwamba lugha hii haina upungufu wa majina. Lakini istilahi ikishaandikwa katika kamusi haijamaliza safari yake. Hubaki sentensi inayoifasiri, na sentensi hiyo, kwa kuwa husemwa kwa kinywa, aghalabu haina mhariri. Humo ndimo makosa yanamopata maskani.

Jambo lenyewe ni jepesi likipangwa vizuri. Jina la kila elementi limefungamana na idadi ya protoni zilizomo katika kiini, jambo lililodhihirishwa na Henry Moseley mwaka wa 1913 kwa vipimo vya eksirei. Oksijeni ina protoni 8, florini 9, neoni 10, sodiamu 11, magnesiamu 12, aluminiamu 13. Atomu isiyo na chaji ina elektroni kwa hesabu ya protoni zake. Basi oksijeni ikiongezwa elektroni 2 na florini 1, kisha sodiamu ikipunguzwa 1, magnesiamu 2 na aluminiamu 3, zote hukutana kwenye 10, mahali ambapo neoni ilikuwapo tangu mwanzo bila kuongezwa wala kupunguzwa. Hesabu imekuwa moja, lakini viini havikuguswa. Elektroni 10 za ioni ya oksidi huvutwa na protoni 8. Elektroni 10 za ioni ya aluminiamu huvutwa na protoni 13. Tofauti ya mvuto huonekana katika ukubwa. Ndani ya fuwele, nusu kipenyo cha oksidi ni kiasi cha pikomita 140, floridi 133, sodiamu 102, magnesiamu 72, na aluminiamu 54. Ya kwanza yaishinda ya mwisho kwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Hapo ndipo lilipo somo. Mwalimu hataji idadi ileile ili mwanafunzi aridhike kwamba vitu vimefanana. Aitaja ili idadi, ikishatulizwa mahali pamoja, imwachie mwanafunzi nafasi ya kuona kazi ya kiini peke yake. Mpimaji wa nguvu za watu wawili huwapa mzigo mmoja. Hafanyi hivyo kwa kuwa watu hao ni mamoja, bali kwa kuwa ataka kujua tofauti yao. Idadi ya elektroni ni mzigo huo. Istilahi inayosisitiza ufanano na kuificha tofauti yaligeuza somo juu chini.

Sasa neno sawa litazamwe. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili limepanuka mno. Hutaja usawa wa kipimo: vijiti hivi ni sawa kwa urefu. Hutaja usahihi: hesabu yako ni sawa. Hutaja ufanano: mtoto huyu sawa na baba yake. Hutaja ridhaa: mtu huambiwa neno, akajibu sawa, na shauri likaisha. Maana hizi nne hazigombani katika mazungumzo, kwa kuwa wasemaji huviona vitu wanavyovizungumza, au huvijua tangu zamani. Katika kemia msikilizaji haoni kitu, na alichonacho ni neno tu. Akiambiwa kwamba ioni ya sodiamu ni sawa na neoni, maana iliyo karibu na sikio lake ni ile ya mtoto na baba, nayo ndiyo isiyotakiwa. Tena ile maana ya ridhaa humnyima hata hamu ya kuuliza, maana lililo sawa halina swali. Dawa yake imo ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili chema hukifuatisha kipimo baada ya sawa kwa kiunganishi kwa: sawa kwa urefu, sawa kwa umri, sawa kwa idadi ya elektroni. Sawa iliyokatwa kwa yake ni deni lisilolipwa.

Hatari ya deni hilo haikomei katika chumba cha mtihani. Mwaka wa 1919 mwanakemia wa Marekani Irving Langmuir, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1932, alichapisha makala iliyolinganisha molekuli zenye atomu kwa hesabu moja na elektroni kwa hesabu moja. Mfano wake mashuhuri ni nitrojeni (N₂) na kaboni monoksidi (CO). Kila moja ina atomu 2 na elektroni 14. Sifa zao za kimaumbile zakaribiana kwa namna ya kustaajabisha: nitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, na kaboni monoksidi kwenye nyuzi 191.5 chini ya sifuri. Zote mbili hazina rangi wala harufu. Langmuir alikuwa na haki ya kufurahi, kwa kuwa alipima alichokipima na kukitaja kwa jina lake.

Lakini nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa kavu, nayo huingia katika mapafu na kutoka bila madhara. Kaboni monoksidi hutoka katika jiko la mkaa lililoachwa likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Huishika himoglobini ya damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na aliyelala karibu na jiko hilo aweza asiamke. Sababu haimo katika hesabu ya elektroni, bali katika viini. Viini vya nitrojeni vina protoni 7 na 7, vya kaboni monoksidi vina 6 na 8. Kwa hiyo elektroni hazikugawanyika kwa mizani moja, na upande wa kaboni una jozi ya elektroni iliyo tayari kushikamana na chuma kilichomo ndani ya himoglobini. Mtu aliyefunzwa kwamba gesi hizi mbili ni sawa amefunzwa neno ambalo nusu yake ni elimu na nusu yake ni sumu. Aliyefunzwa kwamba ni sawa kwa idadi ya elektroni, kisha akaulizwa ni kitu gani kisicho sawa, amepewa ufunguo wa kuelewa kwa nini dirisha lifunguliwe.

Yapo maneno kadhaa yawezayo kushindania nafasi ya istilahi hii. La kwanza ni mkopo wenyewe, isoelektroniki. Fadhila yake ni kwamba laeleweka popote wanapokutana wataalamu, na halichanganyiki na neno la nyumbani. Kasoro yake ni kwamba halisemi kitu kwa sikio la Mswahili. Mzizi iso- ni Kigiriki, nao wamaanisha usawa. Lakini katika Kiswahili umekwisha kuingia ndani ya maneno mengine, na kila mahali usawa wake ni wa kitu kingine. Isotopu za elementi moja zimelingana kwa protoni na kutofautiana kwa nyutroni. Isobari zimelingana kwa jumla ya protoni na nyutroni, kama vile argoni, potasiamu na kalsiamu za namba 40. Isoma zimelingana kwa aina na hesabu ya atomu, zikatofautiana kwa mpangilio. Mwanafunzi apewaye maneno manne yanayoanza na iso-, asiyajue yanayofuata yatoka wapi, amepewa mitungi minne yenye kifuniko cha namna moja.

Hata sehemu ya pili ya neno hilo haimsaidii. Elektroni ni jina lililotolewa na George Johnstone Stoney mwaka wa 1891, na mzizi wake ni jina la Kigiriki la kaharabu, ambayo ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Waarabu nao waliuita umeme wa nyaya kwa jina la kaharabu. Kiswahili, ambacho kinalo neno kaharabu tangu zamani, hakikuifuata njia hiyo, bali kiliuchukua umeme wa mvua na kuutia katika nyaya. Uchaguzi huo ni mzuri na hauna haja ya kutenguliwa, lakini ulikata kamba iliyofunga elektroni na umeme. Hapana ubaya katika mkopo usio na mizizi, mradi ijulikane kwamba mkopo wa namna hiyo hauwezi kujifasiri, na kwamba kazi yote imeachiwa sentensi inayoufuata.

La pili ni pacha. Lavutia, kwa kuwa ni fupi na lina picha. Lakini pacha ni watoto wa tumbo moja, na atomu hizi ndizo hasa zisizo za tumbo moja. Kama kuna vitu katika kemia vistahilivyo jina la pacha, ni isotopu, ambazo elementi yake ni moja. Neno hili lafaa kukataliwa bila majonzi.

La tatu ni kauli zenye elektroni sawa. Kwa juu yaonekana kuwa sahihi, na hutumiwa kwa urahisi. Lakini yasema nini? Elektroni zote za ulimwengu ni za namna moja. Hakuna elektroni ya sodiamu iliyo tofauti na elektroni ya florini. Kwa hiyo kila atomu ina elektroni sawa na za nyingine, na kauli hiyo, ikichukuliwa kwa maneno yake, ni kweli isiyo na faida. Kilichokusudiwa ni hesabu, na hesabu haikutajwa.

La nne ni zenye idadi moja ya elektroni. Hapa hesabu imetajwa, lakini neno moja lina pande mbili. Katika watu wa kijiji kimoja, lamaanisha kijiji kilekile. Katika elektroni moja, lamaanisha elektroni isiyo na mwenzake. Mwanafunzi asomaye kwa haraka aweza kudhani kwamba kila atomu ina elektroni moja tu. Ni afadhali kusema zenye idadi ileile ya elektroni. Kionyeshi cha Kiswahili cha kurudufu, ambacho hupatana na ngeli ya nomino yake, hufunga maana mahali pamoja: iliyo ile ni idadi, si elektroni wala atomu. Katika lugha nyingine neno moja lisilobadilika hubeba kazi hii, na msomaji hubahatisha lahusu nini; katika Kiswahili sarufi yenyewe hujibu. Urefu wa kauli hii ni gharama ndogo kwa faida hiyo.

Yabaki swali ambalo hata wanakemia hawakulijibu kwa sauti moja. Je, idadi yatosha, au mpangilio pia utakiwe? Potasiamu isiyo na chaji, kalsiamu iliyopunguzwa elektroni 1, na skandiamu iliyopunguzwa 2, kila moja ina elektroni 19. Lakini elektroni ya mwisho ya mbili za kwanza imo katika ganda la 4, na ile ya skandiamu imo katika ganda la 3. Hesabu ni ileile, makao si yale. Shule hutosheka na hesabu. IUPAC, chombo cha kimataifa cha wanakemia, kinapofafanua istilahi hii kwa ajili ya molekuli hutaka zaidi: idadi ya elektroni za valensi iwe ileile, na muundo pia uwe uleule, yaani hesabu ya atomu na namna zilivyoungana. Kwa kipimo hicho, molekuli mbili zaweza kulingana kwa hesabu ya elektroni na bado zikanyimwa sifa hii kwa kutofautiana miundo. Mfasiri atumiaye sawa tupu hawezi hata kuueleza mjadala huu, kwa kuwa neno lake limekwisha kumeza pande zote mbili. Atumiaye idadi ileile aweza kuongeza na mpangilio uleule pale inapohitajiwa, na kuacha pale isipohitajiwa.

Vitenzi navyo vina sehemu yao katika makosa haya. Husemwa kwamba sodiamu hupoteza elektroni moja ili iwe kama neoni. Kupoteza katika Kiswahili ni jambo la bahati mbaya au la uzembe, kama apotezavyo mtu kisu njiani. Sodiamu haipotezi kitu kwa namna hiyo. Kuiondolea elektroni yake ya kwanza katika hali ya gesi kwahitaji kilojuli 496 kwa moli moja. Ya pili, ambayo ingeiondoa katika hesabu ya neoni, kiasi cha kilojuli 4,562. Klorini ipokeapo elektroni hutoa kilojuli 349 tu, zisizotosha kulipa hata gharama ya ile ya kwanza. Kinachokamilisha hesabu ni mvutano wa ioni zikishajipanga katika fuwele ya chumvi, ambao ni kiasi cha kilojuli 787. Kwa hiyo sodiamu huondolewa elektroni, na Kiswahili kinayo kauli ya kutendwa iliyo tayari kwa kazi hiyo. Anayesema huondolewa atalazimika kuulizwa huondolewa na nini, na swali hilo ndilo mlango wa elimu ya nishati.

Katika Uingereza, Keith Taber ameonyesha, katika maandishi yaliyoanza kutoka miaka ya 1990, jinsi wanafunzi wanavyoeleza mmenyuko kwa kusema kwamba atomu yataka kujaza ganda lake, kama kwamba ina nafsi. Lawama hiyo haifai kuhamishwa katika Kiswahili bila kupimwa. Mswahili husema mvua yataka kunyesha, ukuta wataka kuanguka, na nyumba yataka rangi, wala hauhesabu ukuta kuwa na moyo. Kitenzi taka, kikiambatana na kisicho hai, hudokeza jambo lililo karibu kutokea, au upungufu unaohitaji kutimizwa. Basi kosa la atomu yataka elektroni si kuipa nafsi. Kosa lake ni kudokeza kwamba jambo li karibu kutokea lenyewe, kama ukuta uangukavyo, ilhali ioni ya oksidi yenye chaji hasi 2 haiwezi hata kudumu peke yake katika gesi, kwa kuwa elektroni ya pili husukumwa na ile iliyotangulia na hutiwa kwa nguvu. Mhakiki wa istilahi asipoijua lugha yake atakosoa makosa ya watu wengine na kuyaacha ya kwake.

Liko neno moja la nyumbani listahililo kufikiriwa kwa mfululizo mzima wa ioni hizi, nalo ni rika. Watu wa rika moja wamelingana kwa hesabu ya miaka, wala hakuna adhaniaye kwamba wamelingana kwa ukoo, kimo au tabia. Usawa wao umo katika kipimo kimoja kilichotajwa, na mengine yote yameachwa wazi. Hivyo ndivyo ioni zilivyo. Oksidi, floridi, neoni, sodiamu, magnesiamu na aluminiamu zaweza kuitwa rika la elektroni 10. Sulfidi, kloridi, argoni, potasiamu na kalsiamu, kila moja katika ioni yake ya kawaida isipokuwa argoni iliyo atomu tupu, ni rika la elektroni 18. Neno lakubali namba, lakubali wingi, na laruhusu swali la kawaida la mitihani: katika rika hili, nani mkubwa kwa umbo? Jibu hufuata kiini: mwenye protoni chache ndiye mkubwa.

Mfano huu nao una mpaka wake, na mpaka huo usifichwe. Mtu hashuki kutoka rika lake kwenda rika la wadogo zake, bali sodiamu hutoka katika elektroni 11 ikaingia katika 10. Tena rika la watu huzeeka pamoja, na ioni hazizeeki. Kwa sababu hiyo rika lafaa kuwa neno la kufundishia, lisichukue nafasi ya fasili. Fasili na ibaki zenye idadi ileile ya elektroni, na isoelektroniki lihifadhiwe kwa maandishi ya wataalamu, likiandamana na fasili hiyo kila litokeapo mara ya kwanza.

Kuhusu sawa, halina haja ya kufukuzwa. Ni neno la lugha, nalo litasemwa darasani maadamu Kiswahili chasemwa. Litakiwalo ni kwamba mwandishi wa kitabu asiliandike, na mwalimu asilitamke, bila kulitimizia kipimo chake. Mwanafunzi akisikia kwamba ioni ya sodiamu ni sawa na neoni, na awe na ruhusa ya kuuliza: sawa kwa kitu gani? Jibu ni kwa idadi ya elektroni, 10 kwa 10. Kisha na aulize la pili, ambalo vitabu vingi hulisahau: si sawa kwa kitu gani? Jibu ni kwa protoni, 11 kwa 10. Na katika protoni hiyo moja ndimo zilimo tofauti zote za chumvi ya kula na gesi ya taa.